Alasiri Baba Aliyonisuka Nywele Mlangoni

Depo ya Baba Kambale, duka lake la jumla, ilinukia sabuni na maharagwe makavu, na kwa kuwa ukuta wake ndio uliokuwa ukuta wetu, harufu hiyo ililala nasi na kuamka nasi. Tuliishi Katuba, hapa Lubumbashi, katika nyumba ya vyumba vitatu. Upepo ukitoka upande wa kiwanda cha shaba, moshi mchungu ulitukwaruza koo. Ukigeuka, sabuni ilirudi. Baba Kambale na mkewe, Mama Kavira, walikuwa watu wa Kivu ya Kaskazini, Wakristo wa kusali kabla ya kufungua duka. Mume alisafiri na lori hadi Kasenga kununua samaki. Mke alibaki deponi na kitoto chake mgongoni.

Baba yangu, Kabange, alikuwa askari. Bomu lililofukiwa ardhini lilimkata mguu wa kulia juu ya goti, katika vita vya upande wa Angola, kabla sijazaliwa. Mama alitoka alfajiri kwenda kuuza unga sokoni, kwa hiyo ni Baba aliyetuogesha, aliyetwanga majani ya muhogo ya sombe akiwa ameketi, na aliyetusuka nywele mimi na dada zangu wawili. Wanaume wa mtaani walimcheka: askari mzima anasuka! Akawajibu kwamba bomu halikuchukua vidole. Mtu mmoja hakumcheka kamwe, naye ni Ekofo, mtu wa mkoa wa Equateur, rafiki yake wa kikosini, tuliyemwita Tonton, yaani mjomba. Siku ya lile bomu, Ekofo alimbeba mgongoni porini kutwa nzima, akikataa kumwacha hata pale Baba mwenyewe alipomwomba amwache. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Jumapili alikula bukari, ugali wa kwetu, nyumbani, na kipande kikubwa cha samaki kilikuwa chake bila kuuliza.

Kisha ikaja ile miaka ambayo Zaire ilikuwa ikioza tukiitazama. Fedha ya asubuhi haikununua kitu jioni. Askari hawakulipwa, na malipo ya walemavu wa vita kama Baba yalikuwa yamekoma zamani. Tonton Ekofo akaanza kuja akiwa amekonda, macho mekundu, akisema kidogo. Mama alinong'ona kwamba mwenye njaa hana miiko. Baba alimkatiza kwa ukali, jambo ambalo hakulizoea.

Siku moja asubuhi risasi zililia kambini, na kufika alasiri zikawa zimeshuka mtaani kwetu. Askari walikuwa wakivunja na kupora maduka. Mama alirudi mbio bila beseni lake. Baba Kambale alikuwa Kasenga. Mama Kavira alipenya kwenye ua wa nyasi na watoto wake, kitambaa cha kichwa kimemwanguka, akasimama mbele ya Baba. Baba hakungoja aseme. Akawaingiza wote pamoja na Mama na dada zangu katika chumba cha nyuma, akafunga mlango. Punde tukasikia milango ya chuma ya depo ikipigwa, halafu ikianguka, halafu vicheko. Sabuni iliyopondwa na viatu ilinukia mtaa mzima.

Baba akaweka kiti chake kwenye mlango wa mbele, akaegemeza magongo ukutani, akaniambia, "Lete chanuo. Kaa hapa." Niliketi chini kati ya mguu wake mzima na kigutu chake, akaanza kunisuka kana kwamba ni alasiri ya kawaida. Lakini alivuta nywele kwa nguvu hadi machozi yakanitoka. Sikulia kwa sauti.

Tonton Ekofo alitokea na vijana wawili wenye bunduki, wakisukuma mkokoteni wa magunia ya maharagwe na katoni za sabuni.

"Ndeko, nashukuru Mungu uko muzima," alisema, akimwita ndugu kwa Kilingala na kuonyesha mkokoteni. "Bile bintu nataka nibiweke mu chumba ya nyuma. Kesho nabeba. Gunia mbili ni za batoto bako."

"Hapana, ndugu yangu."

"Unanikatala miye?"

"Hapana weye njo nakatala. Nakatala bile bintu. Ni bya jirani yangu."

Kijana mmoja akacheka, akaanza kupita pembeni ya kiti. Baba alinyoosha gongo moja likaziba mlango. Yule kijana akashusha bunduki begani. Wakati huohuo, chumbani nyuma, kitoto cha Mama Kavira kililia, kisha kilio kikazibwa ghafla.

Hakuna aliyesogea. Tonton Ekofo alijua watoto wa nyumba yetu wote. Mdogo kabisa nilikuwa mimi, niliyeketi pale. Alimtazama Baba, Baba akamtazama. Mkono wa Baba usioshika gongo ulikuwa umesimama kichwani mwangu.

"Nani uko analia?" kijana aliuliza.

"Mutoto ya muke ya ndugu yangu," Tonton Ekofo alijibu, bila kuondoa macho kwa Baba. "Iko na surua. Mukiingia mutaipeleka kwenu. Tuende."

Vijana wakarudi kwenye mkokoteni upesi. Yeye alibaki kidogo, akainama hadi nikanusa pombe mdomoni mwake.

"Nilikubeba, Kabange."

"Ulinibeba. Sijasahau hata siku moja."

"Leo njo umeshuka mu mugongo yangu."

Akaondoka. Baba alimaliza kunisuka, mistari imepinda yote.

Baba Kambale aliporudi akakuta kuta tupu, aliichukua familia yake akarudi kwao Kivu. Tonton Ekofo hakula tena kwetu. Miaka michache baadaye, serikali ilipoanguka na askari wa zamani wakakimbilia Zambia, Baba alipanda lori hadi Mokambo, mpakani, na magongo yake, akauliza kila aliyemwona kama amempita mtu anayeitwa Ekofo. Alirudi na vumbi na kwapa zilizochubuka. Hadi anakufa, hakupata habari zake.

Leo watu wakizungumzia askari wa wakati ule, huwaita wezi kwa neno moja, nami huchelewa kuitikia. Mji umetulia. Ninakaa katika nyumba yenye vyumba vingi kuliko ile ya Katuba, ukuta umepandwa vipande vya chupa na geti lina mlinzi. Jirani yangu ana gari jeupe. Jina lake silijui. Risasi zikilia tena, sijui kama atathubutu kugonga kwangu. Wala sijui, na hili ndilo linaloninyima usingizi, kama nitafungua.