Risasi za Zamu ya Usiku

Mjini kwetu, huku kusini mwa Missouri, keki ikiungua au mlango ukipachikwa kombo, mtu husema, "Kazi ya zamu ya usiku hiyo," na watu wakacheka. Mimi sicheki. Tusi hilo lina wenyewe, na mmoja wao ni bibi yangu, Ardith Stufflebean.

Wakati wa vita kuu ya pili, kiwanda cha mjini kilitengeneza risasi za jeshi. Askari walipolalamika kwamba nyingine hazilii, wakubwa wa kiwanda hawakuhangaika kuchunguza. Wanawake wa zamu ya usiku, mstari wa tatu wa mashine, walikusanywa getini asubuhi na kufukuzwa mbele ya waume zao waliokuja kuwachukua. Zamu ya mchana, ya wanaume, haikuulizwa hata swali. Bibi alikufa akiitwa Ardith wa risasi bubu. Nimesoma historia chuoni, nimesoma uongo mwingi wenye mihuri, lakini huu ndio unaonikereketa, maana bado unachekesha watu.

Binti yake, shangazi yangu Verlene, hakubishana na mtu. Alianza kukusanya risasi. Alizunguka kwenye minada ya mashambani na maonyesho ya silaha akigeuza vitako vya risasi na kusoma herufi za kiwanda na mwaka. Wanaume wakimkuta mezani kwake humwuliza, "Mama, mwenye meza kaenda wapi?" Naye hujibu, "Kaenda kuzimu kukuwekea nafasi."

Mwishowe, kwenye mnada wa marehemu mmoja kule Kansas, akalipata alilolitafuta: boksi la karatasi la risasi ishirini, gundi yake haijaguswa tangu kiwandani, na ubavuni namba ya mstari wa tatu, zamu ya usiku, mwezi ule ule waliofukuzwa.

"Sasa lifungue tuzijaribu," nilimwambia.

"Wewe mtoto una wazimu. Boksi likifunguliwa limekufa."

"Lakini tutajua, shangazi."

"Na zikigoma je? Nitakuwa nimemzika mama mara ya pili, tena kwa mkono wangu."

Basi likakaa limefungwa, na jina la bibi limo ndani.

Kwenye ukumbi wa maonyesho kuna desturi ambayo hata walevi wanaiheshimu. Hushiki kitu cha mtu. Unasema, "Naomba nishike?" Mwenyewe akisema shika, unakipokea kwa viganja viwili juu ya kitambaa, unakitazama, unakirudisha kilivyokuwa. Ukishaomba, umeahidi.

Tanner Bohl aliomba. Ni kijana wa rika langu, hupiga bunduki mbele ya kamera na maelfu humtazama mtandaoni. Alikuja kwenye meza ya shangazi, boksi likiwa juu ya kitambaa, na mwenzake amebeba simu.

"Bi Verlene, naomba nishike?"

"Shika, mwanangu. Taratibu."

Akalipokea kwa viganja viwili, akaigeukia simu. "Jamani, sikilizeni sauti ya miaka themanini!" Kisha akaingiza kidole gumba chini ya gundi na kulichana.

Kraa.

Ukumbi mzima uliisikia. Mzee mmoja aliangusha mkate wake wenye mchuzi wa soseji. Shangazi aliweka mkono kwenye kitambaa cha meza, kana kwamba meza ndiyo itakayoanguka.

"Mbona mmenuna?" Tanner alisema. "Risasi si zimo? Nitalipa."

Duane Kessinger, mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji, akaja mbio na tumbo lake. Nilidhani amekuja kumtoa kijana nje kwa ukosi. Wapi! Tanner huvuta watu, na watu hulipa kiingilio.

"Verlene, tulia basi. Kijana hakujua. Tutachanga tukufidie."

"Duane, nani kakuambia nauza?"

"Sasa unataka nini?"

Shangazi alikusanya risasi za mama yake moja moja. "Nataka bunduki."

Mzee mmoja alimwazima ya kivita, ile ya kukoki kila pigo. Tukatoka hadi uwanja wa shabaha nyuma ya ukumbi, umati nyuma yetu, Duane akiomboleza njiani kwamba hata boksi lililochanika bado lina thamani, kwamba hakuna mkusanyaji mwenye akili anayepiga mkusanyiko wake. Shangazi alivaa vizuia kelele masikioni, akalala kifudifudi kwenye mkeka na gauni lake la Jumapili.

Ya kwanza ililia. Nilipiga ukelele kama mwehu. Ya pili ikalia, na ya tatu. Ziliendelea hivyo, risasi baada ya risasi, maganda yakirukia nyasini, na kila mlio nilitaka kuusukumia masikioni mwa wale wakubwa waliolala makaburini kwa heshima zao.

Kisha ikaja moja. Tak. Kimya.

Shangazi aliuacha mtutu ukitazama shabaha, maana risasi ya zamani inaweza kuchelewa kisha ikaua. Tulingoja. Akakoki upya, akaijaribu tena. Tak. Akaitoa, akaiweka kando, akamalizia zilizobaki. Zote zikalia.

Sauti ya mwanaume ikatoka nyuma: "Zamu ya usiku hiyo!" Wakaangua kicheko.

Nilimwendea nimekunja ngumi. Shangazi alinishika shati, akamtazama yule mtu.

"Wewe, umesikia ngapi?"

"Moja tu, mama, ile bovu!"

"Ile haikulia. Zilizolia ndizo hukuzisikia. Huo ni ugonjwa, na hapa mjini mmerithishana."

Kicheko kikakatika. Lakini Tanner aliweka mtandaoni ile tak peke yake, bila pigo hata moja jingine, na watu wengi kuliko wakazi wa wilaya yetu wakaitazama na kucheka. Nilimwandikia maneno ambayo mama yangu hapaswi kuyasoma. Shangazi alichemsha maji, akaosha mtutu wa watu kutoa chumvi inayoachwa na risasi za zamani, isije ikaula, akarudisha bunduki.

Kwenye maonyesho yaliyofuata alisimamisha maganda yale matupu kwenye kitambaa cha kijani, na mbele yake akaiweka ile moja iliyogoma, kitako chake kimebonyea mara mbili. Kando aliweka kibao: *Ardith Stufflebean na wenzake. Zihesabu zote.*

Duane akaja. "Verlene, unajua sheria. Maganda yaliyopigwa hayaonyeshwi."

"Nitoe."

"Usinifanyie hivyo mbele za watu."

"Mama yangu alitolewa mbele za watu. Nitoe, Duane."

Watu walikuwa wameanza kusogea. Mwanamke mmoja aliinama, kidole hewani, anahesabu. Duane alimtazama, akanitazama mimi, akavuta suruali yake juu, akaenda kununua kahawa.