Pengo Kwenye Maua ya Kunyonya

Mzungu aliyehama nyumba ya serikali tuliyopewa Kakamega, mwaka ule bendera mpya ilipopandishwa bomani, alituachia vitu viwili: sinki lenye ufa na mmea wa kutambaa uliokuwa umeanguka chali nyuma ya nyumba. Baba, aliyekuwa karani, alisema jina lake ni hanisako. Sisi watoto wa mtaa tuliyaita maua ya kunyonya, kwa sababu ukilichomoa ua, kitako chake kilikuwa na tone la utamu. Yalichanua meupe, kesho yake yakawa ya manjano, na jioni harufu yake ilifika barabarani. Kiunzi kilichoushika mmea kilikuwa kimeliwa na mchwa, na mvua ikammalizia mchwa kazi.

Mama hakujali maua. Alikuwa mjamzito, na mimba mbili zilizofuata baada yangu zilikuwa zimeharibika. Safari hii alitaka jambo moja tu, mama yake awe karibu. Kukhu, bibi yangu huyo, aliishi Shinyalu na alikuwa amezalisha nusu ya kijiji chake. Lakini angekujaje? Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani, hata kama kichaka kina upupu. Tulikuwa na chumba cha boi huko nyuma, kikavu na kizuri, ila mlango wake ulitazamana na mlango wetu wa nyuma, na bomba la maji lilikuwa katikati. Mzungu hakujenga akifikiria wakwe.

"Nitakufa na hizi adabu zenu," mama alisema siku moja mezani, akalia. Baba aliinuka bila kumaliza obusuma, ugali wake.

Jumamosi iliyofuata alirudi na miti ya lusiola, ambayo mchwa hawaipendi, akachimba mashimo kati ya ile milango miwili. Akaisimamisha kwa mstari, kisha akafunga fito za kulala na za kusimama, kama ukuta wa nyumba unaosubiri kukandikwa. Ndio ujenzi pekee aliofundishwa na baba yake. Halafu akauinua ule mmea kutoka chini, tawi moja moja, akiliegemeza kwenye fito kwa upole ambao sikuwahi kumwona nao.

Jirani yetu, mama mmoja mcheshi, alikuja kuegemea wigo. "Karani, wewe unajenganga nyumba gani hii haina udongo?"

"Udongo wake utaota wenyewe," baba akajibu.

Lakini alifunga matawi alivyozoea kufunga mafaili, akakaza kamba ya mkonge mpaka ikauma. Baada ya siku chache majani yakaanza kulegea. Mama alichungulia dirishani akacheka, kicheko cha kwanza baada ya wiki nyingi. "Umekamata mwizi, baba watoto?" Baba akafungua kila fundo, akafunga upya kwa nyuzi za mgomba, legelege kiasi cha kupitisha kidole. Mmea ukapona, ukaanza kujizungusha wenyewe kwenye fito. Ila tawi lililokabwa zaidi lilikufa, likaacha pengo katikati ya ukuta, usawa wa kifua cha mtu mzima.

Kukhu alilazimika kuja kabla pengo halijaziba, kwa kuwa miguu ya mama ilikuwa imevimba. Alipitia nyuma, leso kichwani, akaingia chumba cha boi kinyumenyume. Tangu siku hiyo baba hakutoka mlangoni bila kukohoa kwanza, na Kukhu hakuenda bombani bila kukohoa. Mgeni angedhani nyumba nzima ina ugonjwa wa kifua. Walisalimiana kupitia majani. Baba aliuliza habari za ng'ombe, Kukhu akauliza habari za ofisi, kila mmoja akitazama kwingine.

Jioni baba aliyaelekeza machipukizi kwenye pengo akiwa upande wake. Asubuhi, baba akiwa kazini, Kukhu alifanya vilevile akiwa upande wake. Niliwaona wote wawili. Hawakuwahi kulizungumzia, na mimi niliwapenda sana kwa hilo.

Uchungu ulimwanza mama asubuhi moja, akahamia chumba cha Kukhu. Baba hakwenda kazini. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya majani, tai shingoni, nami nikakaa miguuni pake. Tulisikia mama akiguna, kisha tukasikia kimya. Kimya kile tulikijua sote wawili. Baba alishika fito kwa mikono yote miwili, nikaogopa kumtazama.

Ndipo mtoto akalia.

"Mkwe," Kukhu aliita akiwa mlangoni pake.

"Nipo, mama."

"Ni msichana. Mama yake anakunywa uji."

Baba aliinuka kigodani, lakini hakuziachia fito. Vidole vyake vilikuwa bado vimetokeza upande wa pili wa fito, na nafikiri Kukhu aliviona. Nilisikia hatua zake zikija bila kikohozi. Alikuwa amejifunika leso uso mzima, akitafuta njia kwa miguu, na alipoufikia ukuta akamwinua mtoto kwa mikono miwili mpaka kwenye pengo.

Baba alimtazama binti yake. Kwa mama mkwe wake aliona mikono tu, iliyokunjamana, ikinukia sabuni. Akainamisha kichwa. "Asante, mama," akasema, akalia mbele yangu bila haya.

Maua yale yaliendelea kupanda hadi yakafunika fito zote. Lakini kila chipukizi lililoelekea pengo, baba alilisogeza kando. Mama alimwambia kwamba ukuta wake una tundu.

"Najua," baba akasema, akalifunga tawi upande mwingine, legelege, kidole kikipita.