Blauzi ya zambarau ya mama wa harusi

Saa moja asubuhi, Rusmi anaanika blauzi kwenye kamba, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa rangi: machungwa, nyekundu, kijani, nyeupe. Ndivyo anavyoanza kila siku katika nyumba yake ya mbao hapa mjini Sengkang. Leo akifika kwenye nyeupe anasita. Anarudi ndani, anafungua kasha na kutoka na ya zambarau.

"Hiyo ya nani?" anauliza Mawar, muuza ndizi za kukaanga, aliyekuja kupimwa blauzi.

"Yangu. Ya Jumamosi."

Mawar anacheka. "Mama, si wewe uliyesema ukivaa zambarau unaonekana umeamka na homa?"

"Nilisema. Njoo hapa, tuanze na wewe."

Rusmi ana miaka hamsini na minane. Ni mama wa harusi: huwapamba maharusi, huwavika, kisha hukaa nao jukwaani mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Wengi wa kazi hii ni calabai kama yeye, waliozaliwa kiume na wanaoishi kike. Mawar naye ni calabai, ila kazi yake ni karai la mafuta.

Msimu wa harusi humwingizia Rusmi kama rupia milioni sita kwa mwezi. Ramadhani haimwingizii kitu.

"Mabega yangu haya," Mawar analalamika mbele ya kioo. "Nikivaa blauzi naonekana kabati."

"Kwa sababu unanunua mpya. Kitambaa kipya kinasimama. Vaa kilichofuliwa mara ishirini, mkono unalala wenyewe."

Anamvika nyekundu ya zamani, laini. Sarong anaifunga juu kidogo ya kiuno na kurundika mikunjo upande mmoja, nyonga ikatokea mahali ambapo haikuwepo. Mwisho, mkufu mrefu. "Jicho la mtu lishuke kifuani, lisikae mabegani."

Mawar anageuka, anajitazama kwa nyuma. "Lakini nyekundu si ya wasichana?"

"Kwani wewe ni nani?"

"Nina arobaini na moja, mama."

"Basi usiwaambie."

Rangi za blauzi hizi zilikuwa na wenyewe. Machungwa ni ya watoto, nyekundu ya wanawake vijana, kijani ya watu wa ukoo wa kifalme, zambarau ya wajane. Siku hizi wengi huvaa wanachopenda. Lakini akina mama wa makamo hawajasahau, na jukwaa la harusi ndilo wanalolitazama siku nzima.

Mawar anaiangalia tena ile iliyo kwenye kamba. Hacheki tena. Anavua nyekundu taratibu, anaikunja, anaaga.

Ambo Tuwo, fundi seremala aliyechonga jukwaa ambalo Rusmi hulikodisha mpaka leo, aliishi katika nyumba hii miaka ishirini na mitatu. Majirani walimwita mpangaji. Alipofariki, waombolezaji walimpa mkono dada yake, Hasna. Rusmi alikuwa jikoni akichemsha kahawa ya watu mia mbili.

"Hakuna aliyenifukuza," anajisemea Rusmi. "Hakuna aliyeniita pia."

Baada ya hapo alivua hereni na kuacha poda. Wateja walidhani anaumwa. Alihesabu miezi minne na siku kumi, eda kamili, bila kumwambia mtu. Iliisha Jumatano iliyopita.

Jumamosi anaolewa binti wa Hasna. Rusmi ndiye atakayemvika na kukaa ubavuni mwake.

Hodi inapigwa. Ni Hasna mwenyewe, amefuata pini za nywele. Anazipokea, lakini macho yako kwenye kamba.

"Hiyo unamkodisha nani?"

"Naivaa mwenyewe Jumamosi, dada Hasna."

"Mbona ile nyekundu iliyokolea inakung'arisha?"

"Hii nimeifua mpaka imelainika. Nitaweka na mkufu mrefu."

"Itakuzeesha kwenye picha."

"Nitaongeza rangi ya mdomo."

Hasna anavuta kiti, anakaa, ananyanyuka tena. "Vaa kijani basi. Hakuna atakayekuuliza ukoo wako."

Rusmi anatabasamu kidogo. "Miaka thelathini nawaambia watu kinachowapendeza. Hii hainipendezi. Nimejitazama nayo kila jioni wiki nzima, najua."

"Sasa?"

Rusmi anakinga kiganja chini ya blauzi kuona kama bado inadondosha maji.

"Harusi ni ya mwanangu," anasema Hasna. "Ukikaa pale karibu naye na hiyo, wataiona wote. Watu wa msikitini, wakwe, wote."

"Wataona nini?"

Hasna anaushika mkono wa blauzi. Anaunyoosha, anautazama ulivyolala, anauachia. Pini za nywele ameziminya kwenye kiganja kingine.

"Kwamba kaka yangu," anasema, "ameacha mjane."