Bati la Baba na Radi ya Kavira

Enzi zetu, nyumba katika mji wetu wa Butembo ilianzia kwenye mabati. Baba yangu, mfanyabiashara wa mtaa wa Kimemi aliyeamini kwamba kisichopimika kwenye mizani si kazi, alinunua bati moja moja mwaka hadi mwaka, akayalaza chini ya kitanda chake na kuyakagua kila Jumapili baada ya misa. Sisi watoto tulikatazwa hata kuyaegemea. Vijana wa leo, wanaotuma picha za nyumba ya ndoto kabla ya kupata kiwanja, hawatayaelewa mapenzi ya namna ile.

Shule tulikwenda kwa miguu katika ukungu, kiazi cha kuchoma mfukoni kikitupasha joto mpaka njaa ituzidi nguvu. Kwa kuwa kwetu majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, darasa letu la tano lilikuwa na akina Kambale wanne, na Madame akiita mmoja walisimama wote, hasa kama kulikuwa na maandazi. Madame ndiye mwalimu wetu. Kila Jumatano mchana alifunga kitabu cha hesabu, tukatengeneza wanasesere wa maganda ya migomba na ngoma za makopo ya maziwa, tukaigiza. Wazazi walinung'unika. Baba alifika shuleni mwenyewe, kofia mkononi, akaanza kwa “lakini” ya Kifaransa kama wafanyavyo watu wa kwetu.

“Mais Madame, miye nilituma batoto basome. Kucheza banajua tangu ku nyumba.”

Madame alimjibu kwa heshima kwamba asubiri mwisho wa mwaka aone.

Mwaka ule ndipo alipokuja kwetu Kavira, binti wa baba mdogo, kutoka mtaa wa Bungulu kule mjini Beni, kulikokuwa na vita. Milio ya risasi iliwatoa nyumbani yeye na mama yake, wakaja na bunda moja la nguo. Tulilala kitanda kimoja, tukawa chanda na pete. Lakini kishindo chochote, mlango ukibamizwa au mfuniko wa sufuria ukianguka, kilimpeleka chini ya meza. Mvua ya mawe ilipopiga paa la darasa alikaa chini ya dawati hadi kengele ya kurudi nyumbani. Siku moja nilibamiza mlango makusudi ili nione atafanya nini. Nilimwona, na hadi leo naona aibu.

Mkuu wa shule akasema ikiendelea hivyo, mtoto akae kwanza nyumbani. Mama yangu hakulala vizuri wiki hiyo. Alisema Kavira akifungiwa ndani na hofu yake, watazoeana.

Mchezo wa kufunga mwaka ulihusu mbuzi mkaidi aliyekataa kurudi zizini mpaka radi ipige. Mbuzi nilikuwa mimi, na nyumbani hakuna aliyeshangaa. Radi ilihitaji bati la kugongwa. Madame alipouliza nani kwao kuna bati, darasa zima lilinigeukia. Baba alifikiri siku tatu, kisha akalitoa moja.

“Bati ni ya kufunika nyumba,” alituonya. “Nataka irudie vile ilienda. Hata kovu moja, hapana.”

Akina Kambale wanne walilibeba taratibu kama wamebeba mgonjwa. Madame alichukua kirungu akakiweka mkononi mwa Kavira. Sote tulidhani amekosea.

“Radi ya hapa itapiga saa weye utataka,” alimwambia. “Mbele ya ile saa, hapana.”

Jumatano ya kwanza Kavira aligusa bati kwa vidole tu. Ya pili aligonga kama mgeni anayebisha hodi. Ya tatu aligonga, akaruka mwenyewe, akatuangalia, akacheka. Kufikia ya tano tulikuwa tunamsihi apumzike, masikio yetu yamechoka.

Siku ya mchezo baba aliketi mbele kabisa, koti la Jumapili mwilini, amekuja kulinda bati lake. Kavira alisimama nyuma ya pazia la kitenge. Nilitoka na pembe zangu za karatasi, nikatamka ukaidi wangu wote, na radi ikapiga.

Baba, aliyetufundisha kila siku kwamba mwanaume hashtuki, alikuwa chini ya benchi. Kofia yake ilibiringika hadi miguuni kwa mbuzi. Hakuna aliyecheka. Wengi mle ndani walikuwa na masikio kama ya Kavira, ila walikuwa watu wazima na walijua kuyaficha. Kavira akatoka nyuma ya pazia, jambo ambalo halikuwemo katika mchezo, akapiga magoti kando ya benchi.

“Papa, hapana ogopa. Ni miye.”

Baba alimshika mkono, akakaa kidogo pale chini. Alipotoka alianza kucheka, na watu wakacheka naye mpaka akafuta machozi. Mimi nilikuwa karibu. Si machozi yote yaliyokuwa ya kicheko. Kisha Kavira akarudi kupiga radi ya pili, na mbuzi akaenda zizini.

Bati lilirudi na kovu kubwa kama sahani. Tulisubiri ghadhabu. Baba alilipapasa, akalirudisha chini ya kitanda, na nyumba ilipojengwa akaliezeka juu ya chumba chetu.

Siku hizi wanangu wana radi ndani ya simu. Wanaibonyeza, wanacheka peke yao, na chaji ikiisha wanakaa kama wamefiwa. Siwalaumu, ila naitamani ile radi yetu iliyokuwa na mtu nyuma ya pazia. Kavira sasa ni mwalimu huko Beni, mtaa wa Ruwenzori, ambako watoto wanavijua vishindo kuliko hesabu, na Jumatano mchana anawapa bati na kirungu.

Baba amezeeka. Tulipobadilisha paa alikubali mabati yote yaondolewe, isipokuwa lile moja. Mvua ikianza, lina mlio wake. Baba anaamka kitini na kuuliza kama ni Kavira. Tunamwambia ndiyo, ni yeye, naye anarudi usingizini.