Sampuli ya mémoire yangu ilivyopita bariyeri ya Kalembe kama madini ya bandia

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sitatia chumvi.

Mimi ni mjane, mwalimu wa fizikia huko Kibua. Nilianza chuo kikuu nikiwa tayari na wajukuu. Wapo waliocheka, sasa hawacheki.

Mémoire yangu, yaani tasnifu ya kumalizia chuo, ilihusu chembe za oksidi ya chuma, ndogo kiasi kwamba hadubini ya shuleni haizioni. Ukizichanganya na fuwele kimiminika, yaani ule umajimaji ulio ndani ya kioo cha simu, mchanganyiko huitikia hata sumaku dhaifu. Katika tiba, watafiti wanajaribu kuzibebesha dawa na kuzivuta kwa sumaku hadi kwenye uvimbe.

Marehemu mume wangu alifariki kwa uvimbe wa ini. Mada hii sikuiokota njiani.

Jumanne, tarehe 11 Oktoba, nilipanda lori kwenda Goma. Utetezi wa mémoire ulikuwa Ijumaa, tarehe 14. Laboratwari nilikotengenezea unga wa chembe hizo ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita. Chupa moja mkobani mwangu ndiyo sampuli pekee iliyobaki.

Bila chupa ile, hakuna utetezi.

Kalembe, kwenye bariyeri iliyofunga barabara, wenye silaha wakatushusha. Mmoja akaitoa chupa.

"Mama, hii iko nini?"

"Iko unga ya masomo, kaka."

"Masomo! Unapitisha kasiterite, unaniambia masomo? Karatasi iko wapi?"

Kwetu, wakuu, unga mweusi una jina moja tu, kasiterite, yaani madini ya bati, na kukamatwa nao bila kibali si mchezo.

Akatoa sumaku ya spika ya redio. Wanunuzi wa madini hupima hivyo: kasiterite haishikwi, chuma hushikwa. Aliposogeza sumaku, unga wote ukapanda ubavuni mwa chupa na kusimama kama nywele.

Alicheka mpaka bunduki ikamteleza begani.

"Mama! Walikuibia! Hii iko chuma tupu! Nani alikuuzishia, watu ya mugodi ya Bisie?"

Kiburi kikanipanda. "Kaka, hiyo chuma unayoicheka..."

Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo niliyesafiri naye, akanikanyaga mguu.

"Njo vile, walimuibia," akadakia. "Muhurumie, iko mujane."

Nikaitikia: "Walinichezea, kaka."

"Pole, Mama. Beba takataka yako."

Lori lilipoikata kona, niliirudisha chupa mkobani. Papa Kasereka akaniinamia: "Sasa Mama, tuko sisi wawili. Sema kweli, nani alikuuzishia?"

Nilicheka hadi machozi. Nilimweleza fuwele na chembe mpaka Masisi. Sina hakika kama aliniamini.

Ijumaa, tarehe 14, jury, walimu wanaotathmini, waliiona sampuli ikiitikia sumaku kwa macho yao. Nikapita, na kwa distinction, alama za juu.

Nilichojifunza: kuitwa mjinga na mwenye bunduki hakupunguzi elimu yako hata chembe, mradi ufike.

Je, wakuu, nani kati yenu ameokolewa na dharau? Na mwenye swali kuhusu chembe zangu aulize hapa. Safari hii hakuna wa kunikanyaga mguu.