Bachuli Mbele ya Machela ya Nanda

Bachuli aliolewa ng'ambo ya mto akiwa bado msichana. Akaikatia nyumba ile nyasi na kuibebea kuni mpaka mvi zikamwota, kisha mumewe akaleta mke mdogo na kumwonyesha yeye mlango. Akarudi kwa kaka yake, Dhansingh. Kaka alimpa chai uani, hakumkaribisha ndani.

"Binti akishaolewa ni wa kwa mumewe," alimwambia. "Rudi huko, dada. Usinitie aibu."

Akaja kulala kwangu, yaani kwenye zizi la kaka yangu. Mimi pia nilirudishwa na mume, ila haki yangu niliidai jikoni, mimi na kaka tu, nikapewa zizi.

Msimu ule tulikuwa tunamsindikiza Nanda. Ni mungu wetu, lakini ni binti yetu vilevile: huja kukaa kwao, kisha kila mwaka tunampandisha mlimani kwa mumewe, Shiva, kwenye theluji na mawe matupu. Hapendi kwenda. Wanawake humfungia matango na mahindi ya kukaanga, wanaume humbeba kwenye machela. Machela ikigoma, amekasirika.

Dhansingh alikuwa mbebaji wa mbele, akilia kuliko wote. Bachuli akasimama njiani.

"Unamlilia nani, kaka?"

"Pisha, Bachuli. Mungu anapita."

"Huyu unamlilia kwa kuwa anakwenda asikotaka. Mimi wa tumbo moja nawe unanifukuza?"

Machela ikayumba. Wabebaji wakajaribu tena, ikawarudisha nyuma. Bibi mmoja akapaza sauti:

"Hatoki! Atatokaje na binti mwenzake analia njiani? Dhansingh, unataka mvua ya mawe itumalizie ulezi?"

"Basi, arudi nyumbani," Dhansingh akasema.

"Chumba kipi?" Bachuli akauliza.

"Tutaongea nikirudi."

"Kitaje hapa hapa, naye asikie."

"Cha chini."

"Kwa ng'ombe? Kwani nakamuliwa mimi?"

Watu wakacheka. Machela ikalala upande, nusura imwangushe Dhansingh.

"Cha mama! Chukua cha mama, unipishe!"

Akampisha.

Jioni Dhansingh alikuwa bado mlimani, lakini kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Mkewe akayatoa magunia ya viazi chumbani kwa marehemu mkwewe, akiyaburuta kwa kishindo ili majirani tujue anavyoonewa. Bachuli hakumsaidia. Alikaa kizingitini mpaka likatoka gunia la mwisho, akaingia, akafunga mlango.