Mjibu Kwanza Aliyebisha

Mwanangu, kila nikiosha njahi, haya maharagwe yetu meusi, hapa jikoni Ruiru kuna Jumamosi moja hunirudia. Nilikuwa mama mchanga, wewe ukiwa hujaanza hata kutambaa, na cucu wako, mama ya babako, alikuwa ametoka Kalimoni kuja kutuona na kiondo kilichojaa kuliko yeye mwenyewe. Leo nimeosha njahi tena, na nimekuwa nikikuwaza tangu uliponipigia jana kutoka Thika. Ulisema, "Mum, hii blogu naifunga Jumapili. Hakuna mtu anasoma." Halafu nikasikia unavuta makamasi.

Shiku wangu, usinicheke nikijifanya mzee. Nimegonga hamsini juzi tu na magoti bado yanapanda ngazi. Lakini kwa mambo ya blogu mimi ni cucu kabisa. Nilianza wakati ambapo ukisema blogu hapa kwetu, watu walidhani umetaja ugonjwa. Kwa hivyo vumilia kidogo nikueleze, kisha hiyo Jumapili ufanye utakavyo.

Tulikuwa tumehamia Gatongora, nyumba ya kupanga, orofa ya tatu. Babako alitoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Mimi nilikuwa nimetoka Nyeri na sikujua mtu hata mmoja pale. Mchana kutwa tulikuwa mimi na wewe, na mazungumzo yako yalikuwa kulia na kucheka basi. Ndipo nikaanzisha blogu ya vyakula vya watoto wanaoanza kula, kwenye ile kompyuta ya mtumba ambayo babako aliinunua akidhani ni ya kazi yake. Niliambia watu naandika ili kusaidia kina mama. Ukweli ni kwamba nilikuwa mpweke, mwanangu. Nilitaka mtu mmoja tu, popote alipo, aandike pale chini, "Nimekusoma." Kila ukilala nilikuwa nakimbilia kuangalia, na pale chini palikuwa peupe.

Basi nikafanya vile vile unavyofanya wewe. Nilijiunga na kila grupu la Facebook lililonifungulia mlango: la wafugaji wa kuku, la wauza viatu, la wenyeji wa Gatongora. Mtu akiuliza maji ya bomba yatarudi lini, mimi nabandika linki ya uji wa wimbi. Mtu akitangaza mbuzi wake amepotea, mimi nabandika linki ya uji wa wimbi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi changu nilikitembeza kama mchuuzi wa soksi kwenye steji ya matatu. Makundi mawili yalinitoa. Sikujua hata walinitoa kwa nini, na niliumia.

Sasa hiyo Jumamosi cucu wako aliketi kwenye kile kiti cha plastiki, amekupakata. Wewe ulichukua jina lake, kwa hivyo alikuwa hakuiti Wanjiku. Alikuita "mimi." Alikuwa anasema, "Hebu nipe mimi nimbebe mimi," kisha anacheka peke yake mpaka kitambaa kinateleza kichwani. Lakini macho yake yalikuwa kwangu, kwa vile nilivyoinamia simu.

"Mama Shiku, hiyo simu inakulisha nini?"

Nikamweleza blogu ni nini. Sijui alielewa nini, kwa sababu aliniuliza kama inafungwa na kufuli jioni. Nikamwambia ni kama duka ambalo halina wateja, na mimi natafuta wateja. Hapo akapata pa kushikilia. Akaniambia nimsomee vile ninavyowatafuta.

Kwenye grupu la Gatongora mama mmoja alikuwa ameandika asubuhi hiyo: "Wamama wenzangu, kamtoto kangu kamekataa chakula tangu nirudi kazini. Kananyonya usiku tu. Kameanza kukonda. Nifanye nini?" Na chini yake nilikuwa nimeandika: "Mapishi matamu ya watoto, bonyeza hapa."

Nilimsomea yote mawili bila aibu. Tena nilijivuna kidogo, kwa kuwa safari hii angalau nilikuwa nimelenga.

"Umemjibu?" akauliza.

"Ndiyo, nimempa linki."

"Nimeuliza kama umemjibu."

"Jibu liko huko ndani, mami. Akifungua atalipata."

Cucu alikuhamisha kutoka goti hili hadi lile. Hakupandisha sauti, kwa sababu hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Akasema, "Mtu amebisha kwako na mtoto mgongoni. Wewe hujafungua. Umemwambia kupitia tundu la ufunguo azunguke nyuma ya nyumba, kuna dirisha. Hiyo ni tabia ya nani? Kwenu Nyeri hawakukufundisha hivyo, mimi nawajua."

Niliona uchungu, sitakuficha. Kukemewa na mama mkwe ndani ya nyumba yako si asali. Nikamwambia mambo ya mtandao ni tofauti, huko hakuna milango. Akaniuliza kama yule mama ni mtu au si mtu. Nikasema ni mtu. Akauliza kama mtoto ni mtoto. Nikaenda jikoni kujifanya naangalia sufuria ya njahi alizokuja nazo.

Nilipotuliza moyo nikachukua simu na kumwandikia yule mama: "Pole sana. Kana miezi mingapi? Ukiwa kazini kanabaki na nani?" Sikuweka linki. Mwanangu, sijawahi kujibiwa haraka vile. Aliniandikia mistari kwa mistari, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akingoja ufunguke. Mtoto alikuwa na miezi tisa, anaitwa Brayo. Yeye mama alikuwa akishona nguo kiwandani. Msichana wa kazi alikuwa amejaribu kila kitu. Na alikaa kwenye plot, zile nyumba za kupanga karibu na tangi la maji, hapo hapo Gatongora, mahali ambapo nilikuwa napita kila nikienda kununua mboga.

Nikamsomea cucu. Akainuka. "Twende tukamwone mtoto."

"Mami, simjui."

"Utamjua tukifika. Muulize kama yuko nyumbani."

Alikuwa nyumbani. Cucu akachemsha uji akaujaza kwenye thamosi, akaziponda njahi na ndizi zilizoiva mpaka zikawa laini, akafunika kwa sahani. Unajua desturi yetu, nyumba yenye mtoto haiendewi na mikono mitupu. Akanikanya kitu kimoja tu mlangoni, kwamba hayo mambo ya duka langu nisiyataje huko hata kidogo. Mkono mtupu haulambwi, akasema, lakini na mkono uliokuja kuuza unajulikana.

Hapa nisimpake cucu wako mafuta kupita kiasi. Alikuwa pia na mawazo ya ajabu. Njiani alinishauri nigonge kila mlango wa Gatongora nikiwasomea watu blogu yangu kwa sauti. Na kuhusu chakula cha watoto tulibishana mpaka tukafika. Lakini lile la kuingia kwa watu alilijua, kwa sababu ndivyo alivyoishi. Shamba lake Kalimoni lililimwa kwa ngwatio: leo wanawake wote wanalima kwa huyu, kesho wote kwa yule, na asiyekwenda kwa wenzake hakuna jembe litakaloonekana kwake. Kamũingĩ koyaga ndĩrĩ, alikuwa akisema, kikundi kidogo ndicho huinua kinu.

Mama Brayo alitufungulia akiwa na macho mekundu. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, mwembamba, amefunga mdomo kama mtu aliyeapa. Nilitaka kuanza kufundisha pale pale, nilikuwa na aya tatu tayari kichwani. Nikakumbuka nilivyokanywa, nikauliza maswali tu. Nikajua kwamba Brayo hulishwa peke yake, mapema, kwa haraka, ili mama akirudi akute ameshamaliza. Jioni mama hula amesimama jikoni. Hakuna siku yule mtoto alikuwa amemwona mtu akila.

Cucu hakutoa hotuba. Aliomba mabakuli matatu, akagawa. Tukaketi chini kwenye mkeka, sisi watu wazima na nyinyi watoto wawili, tukala njahi tukiongea habari za bei ya nyanya. Hakuna aliyemwangalia Brayo. Baada ya muda akaja akishika goti la mamake, akatia mkono kwenye bakuli lake, akajipaka usoni, kidogo kikaingia mdomoni. Mamake akaanza kulia polepole huku akiendelea kutafuna ili asimshtue. Mimi pia nililia. Wewe ndiye uliyecheka, ukamwaga bakuli langu.

Sisemi ni njahi zilizomponya. Mama Brayo alimpeleka kliniki Jumatatu, maana cucu mwenyewe alimwambia mtoto akikonda aonwe na daktari, nao wakamwambia aendelee kula naye. Nilichojua ni kwamba siku ile sikutazama kama kuna mtu amenisoma. Nilisahau. Nilikuwa nimepata mtu.

Baadaye nilimwomba ruhusa niyaandike yale ya kula pamoja, bila jina lake wala la mtoto. Akasoma kwanza yeye, akaniambia niondoe habari ya macho mekundu, nikaondoa. Nikamtumia yeye peke yake. Sikupeleka kwa grupu lolote. Yeye ndiye aliyewatumia wenzake wa kiwandani, na mmoja wao, ambaye sijamwona mpaka leo, akaandika pale chini: "Hata wangu hula peke yake. Leo nitakaa naye." Nilikuita uje uone, na ulikuwa hujui hata kuketi vizuri.

Ndipo nikaanza kwenda ngwatio ya mtandao. Kulikuwa na mama mmoja Nakuru aliyeandika habari za uji, na mwingine Kisumu aliyeandika jinsi ya kuwaandalia watoto omena, wale dagaa wa ziwani. Nilikuwa nikiwaona kama washindani. Nikaenda kwao, nikasoma mpaka mwisho, nikaacha neno linaloonyesha nimesoma, sio lile la "kazi nzuri, pitia na kwangu." Nikijaribu pishi lao narudi kuwaambia lilivyotoka, hata likiungua. Nao wakaja kwangu, wakaja na watu wao. Ilichukua muda. Kuna miezi niliona kama nalima mwamba. Lakini hakuna grupu lililonitoa tena, na mengine yalianza kuniita kwa jina mtu akiwa na swali la chakula cha mtoto.

Sasa nikurudie wewe. Unaandika vizuri habari za nywele, hilo silisemi kwa sababu nilikuzaa. Lakini nimekuona, mwanangu. Umebandika linki kwa status, kwa Instagram, kwa kila grupu la chuo, hata kwa grupu la kwaya siku walipokuwa wanachangia matibabu ya mzee wa kanisa. Na jana ulisema kuna kijana Thika anayeuza wafuasi, kwamba utajaribu hao kabla ya kufunga. Watu wa kununua hawana nywele, Shiku. Hawatakuuliza chochote na hutawahi kuwajua.

Ninalokushauri ni hili. Acha makundi ishirini, ubaki na mawili au matatu ambayo ungekaa humo hata kama hungekuwa na blogu. Mtu akiuliza, mjibu hapo hapo alipoulizia, jibu lililokamilika, na linki ije baadaye akiitaka. Nenda kwa wenzako wanaoandika habari za nywele, usome, uwasifu kwa lililo la kusifiwa. Machozi ya mtu usiyaandike kabla hajakuruhusu. Na ukisema utaandika kila Ijumaa, andika kila Ijumaa, hata msomaji akiwa mmoja. Mgeni akikuta jiko limezimika mara mbili hatarudi ya tatu. Haya si mambo ya kukupa watu kesho asubuhi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na wewe pupa umeitoa kwangu.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo limenifanya niache njahi jikoni nikuandikie. Leo asubuhi nimeingia kwa blogu yako nikasoma yote. Kwenye ile habari ya nywele za mbele zinazokatika nimeshuka mpaka chini kabisa. Kuna msichana ameandika. Anasema anatoka Kalimoni, kule alikoishi cucu wako. "Dada, zangu za mbele zimeisha tangu nisukwe za harusi. Naona aibu kutoa kitambaa hata nikiwa na mama yangu. Nifanye nini?" Aliandika wiki nyingi zilizopita. Halafu akarudi siku nyingine akaandika tena, "Dada, uko?"

Hujamjibu. Wewe uliniambia hakuna mtu anasoma.

Cucu wako angekuwa hai angekutemea mate kifuani, kama wazee wa kwao walivyobariki, na wewe ungepanguza ukinuna. Mimi nakuombea tu kutoka hapa jikoni. Mungu akupe masikio mapana kama sauti uliyonayo. Akupe wenzako wa kulima nao, mlango wako usikose mtu wa kubisha, na ukibishiwa hodi uwe nyumbani. Na jina la cucu wako ulilolibeba likukae vizuri.

Usiifunge Jumapili. Nenda kwa yule msichana kwanza, umwambie uko. Ukimaliza kumjibu nipigie, njahi zitakuwa zimeiva.